Maoni Namba Mia na Kumi na Saba

Zenaida Urquidi alikuwa fundi wa viti vya magari, na mchana, wakati wa kula, aliandika mambo ya miaka sitini ijayo. Karakana ilikuwa ya mdogo wake, Fidencio, kwenye kona ya mtaa wa La Noria, El Paso, hatua mia mbili kutoka barabara kuu. Wateja wao walikuwa watu wenye magari ya zamani yaliyoshushwa chini mpaka yanakaribia kulamba lami, magari ya kuendeshwa polepole Jumapili ili walimwengu waone. Zenaida ndiye aliyevivika viti vya magari hayo mahameli. Akimaliza mshono alifuta mikono, akakalia rundo la sponji, akatoa daftari.

Hakuwa peke yake katika kazi hiyo ya pili. Kila Alhamisi jioni watu wanne au watano walikutana chumba cha nyuma cha duka la mikate la Bi Hortensia, Wachikano watupu, watu wenye damu ya Meksiko waliozaliwa upande huu wa mto. Shuleni walisomeshwa vitabu ambavyo, vikiwataja, viliwataja kwa habari za jana. Kesho hakuna aliyekuwa amewaandikia. Basi waliiandika wenyewe, kwa zamu, wakinywa kahawa ya mdalasini.

Aliyewachekesha zaidi alikuwa Cuauhtémoc Arreola, dereva wa basi la jiji, ambaye mama yake alimpa jina la mfalme na mtaa mzima ukalikata likawa Temo. Mashairi yake hayakuzidi mistari minane, kwa sababu aliyaandika kituo cha mwisho, akisubiri dakika za kugeuza basi ziishe. Moja lilikuwa hili:

*Mwaka ule dereva wa basi la mwezini*
*atataja vituo kwa lugha zote mbili.*
*Bibi mmoja atashuka na kikapu cha pilipili,*
*atauliza: ni hapa?*
*Ni hapa, mama, dereva atasema,*
*shuka taratibu, tulikuwa tunakungoja.*

Mwezi wa tatu ikaja barua. Ofisi ya barabara ilikuwa inataka kuipanua barabara kuu, njia mbili zaidi kila upande, na ndani ya bahasha mlikuwa na ramani yenye mstari mwekundu. Mstari ule ulizizunguka nyumba thelathini na mbili, karakana ya Fidencio, na nyumba ya mama yao, Bi Amparo, ambamo Zenaida naye aliishi. Wananchi walipewa siku arobaini na tano watoe maoni.

Bi Amparo alikuwa ameshahamishwa mara moja, mwaka 1966, barabara hiyohiyo ilipokuja mara ya kwanza. Wakati huo alikuwa na miezi mitatu ya ndoa. Sasa alikuwa na miaka themanini na miwili. Aliisoma barua akiwa amesimama, akairudisha kwenye bahasha.

"Hawa wananipenda," alisema. "Popote nikikaa wananifuata."

Majirani wakamjia Zenaida. Si yeye ndiye mwandishi? Awaandikie. Alikaa jioni tatu akijaribu barua ya kiofisi, na kila ilipofika mstari wa nne ilimfia mkononi. Alhamisi alikwenda kwa Bi Hortensia amebeba ripoti yenyewe, kurasa mia nne, akaitua mezani kama mtu anayetua gunia la viazi.

Temo akaifunua huku anatafuna mkate mtamu.

"Umeona hapa? Ukurasa wa tisini na moja. 'Mwaka 2080 magari laki mbili na elfu kumi yatapita La Noria kila siku.' Yatapita! Hata 'huenda' hawakuweka. Nani kawaambia?"

"Wamepiga hesabu," Zenaida alisema.

"Wamepiga hadithi, dada. Tena mbaya, haina hata mtu mmoja ndani. Magari tu." Akapangusa sukari mdomoni. "Wewe mwaka wa tisa huu unaandika 2080. Leo wenyewe wamekuuliza habari za 2080, unawaandikia 'kwa heshima na taadhima'?"

Zenaida aliifunga ripoti. Alirudi nyumbani, akaandika siku tisa.

La Noria yake ya mwaka 2080 ilikuwa na joto la nyuzi hamsini na moja kwa wiki sita mfululizo. Watu walikuwa wamerudia kujenga kwa matofali ya udongo, kuta nene kama urefu wa mkono, na chini ya mitaa walichimba njia za ubaridi ambazo watoto walipitia kwenda shule. Barabara kuu ilikuwa imeachwa. Lami yake ilichemka mchana kutwa na kupumua moto usiku kucha, na watu wa vilimani, wenye nyumba za vioo, waliteremka kila kiangazi kupanga vyumba kwa wajukuu wa La Noria, ambao hawakuwapandishia kodi ingawa wangeweza. Magari ya kutembezwa polepole yalikuwa bado yapo. Yalikwenda juu ya ardhi bila magurudumu, na bado yalikwenda polepole. Binti mmoja aitwaye Nayeli alikuwa na kazi ya kuongoza mawingu, na akichoka alishuka kwenye kisima cha mawe chini ya karakana, kisima cha futi arobaini kilichochimbwa na familia ya kwanza ya mtaa, kile kilichoupa mtaa jina lake, maana noria kwa Kihispania ni kisima.

Jioni alimsomea mama yake. Bi Amparo alisikiliza mpaka mwisho, mikono imelala mapajani.

"Mimi niko wapi humo?"

"Mama, mwaka 2080 utakuwa na miaka mia moja thelathini na minane."

"Nimekuuliza habari za umri? Nimekuuliza niko wapi."

Zenaida akarudi mezani, akamwandika. Alimweka kwenye jina la shule, kisha akaona haitoshi, akamweka kwenye sauti inayotangaza saa ya kula kila adhuhuri mitaani, yenye ukali uleule. Bi Amparo akaridhika.

Fidencio alisoma kurasa mbili tu, amesimama kando ya gari la mteja.

"Mawingu," alisema. "Wao wanaleta tingatinga, wewe unawapelekea mawingu. Haya, dada. Mungu akubariki."

Kwenye kaunta ya ofisi palikuwa na fomu ya kujaza, na moja ya nafasi zake iliuliza aina ya maoni. Zenaida aliandika: hadithi. Karani akasoma, akamwangalia, akagonga mhuri. Yakawa maoni namba mia na kumi na saba.

Sasa, sheria ya mambo haya ilikuwa na sharti moja ambalo watu wengi hawakulijua. Kila maoni yenye hoja inayogusa ardhi, maji au majengo yalipaswa kujibiwa kwa maandishi, hoja kwa hoja, hata kama mwandishi wake alikuwa akili hazimtoshi. Kazi ya kujibu ilimwangukia mhandisi Ubaldo Terrazas, mtu wa miaka sitini na miwili, mkimya, ambaye alikuwa amebakiza mwaka mmoja na ushei kustaafu. Alikuwa amezaliwa upande wa pili wa barabara ileile, kwenye mtaa ambao haukuwapo tena.

Alifika karakana Jumanne asubuhi na faili kwapani. Akavua kofia.

"Namtafuta Bi Urquidi. Aliyeandika kuhusu Nayeli."

Fidencio akazima compressor, mashine yake ya upepo. Bi Amparo, aliyekuwa ameleta chakula cha wanawe, akajisogezea kiti.

"Ni mimi," Zenaida alisema.

"Nimeisoma yote. Mara mbili," alisema Ubaldo, na haikujulikana kama alikuwa analalamika. "Nina hoja zako kumi na nne. Nyingine naweza kuzijibu. Hii ya kisima imenileta mwenyewe."

"Nimeandika kwenye fomu ni hadithi."

"Ndiyo. Lakini hadithi yako ina anwani." Akafungua faili. "Kona ya La Noria na mtaa wa tatu, chini ya karakana, mawe, futi arobaini. Kama kipo kweli, ni kitu cha kale. Kikiwapo kitu cha kale hatuweki mashine. Wanakuja watu wa kuchimba kwa brashi, na mradi unasimama. Miaka miwili, mitatu, pengine mstari wote unahamishwa. Kama hakipo, naandika 'ni ubunifu wa mwandishi' na tunaendelea. Kuna karatasi hapa ya kuthibitisha. Unasaini kwamba unajua kwa dhati, kwa kusimuliwa na wazee wako."

Fidencio alikuwa anamtazama dada yake kwa macho ya mtu anayemsukuma mwingine bila kumgusa.

"Kipo," Bi Amparo alisema.

"Umekiona, mama?" Ubaldo aliuliza kwa adabu.

"Nilikuwa mdogo."

"Lakini mama, barua za ofisi zinasema ulihamia mtaa huu ukiwa na miaka ishirini na minne."

"Nilikuwa mdogo kwa akili."

Ubaldo akainamisha kichwa kidogo, pengine kuficha tabasamu. Akamwambia Zenaida angerudi Ijumaa, akavaa kofia, akaondoka.

Siku tatu hizo Zenaida hakupata nafasi ya kukaa. Habari ilizunguka mtaa kabla maharage ya mchana hayajaiva. Bi Hortensia alimshika mkono dukani, mkono wenye unga, akamwambia, "Saini moja tu, binti yangu. Nani atakwenda kukuuliza?" Mzee mmoja aliyekuwa hajamsemesha kwa miaka sita kwa sababu ya kiti cha gari lake alimletea tamale kumi na mbili, unga wa mahindi na nyama uliofungwa kwenye maganda, ndani ya sufuria iliyofunikwa kitambaa. Fidencio hakuzungusha maneno.

"Ni uongo mdogo kwa watu wakubwa," alimwambia Alhamisi asubuhi, wakikunja ngozi pamoja. "Wao wametudanganya mara ngapi? Mwaka 66 walimwambia mama barabara italeta kazi."

"Najua."

"Basi tatizo nini? Mwongo ni wewe kila siku. Umeweka magari hewani!"

"Hayo sikuapa kwamba nimeyaona."

"Loo! Sasa umekuwa padre."

Hakuwa padre. Alijaribu kuipima sababu yake mwenyewe, na kila alipoipima aliiona nyepesi. Kile kisima alikitunga Jumatano moja, mkate mkononi, kwa sababu Nayeli alihitaji mahali pa kupumzikia. Alikuwa anakumbuka hata mkate ulikuwa wa aina gani. Na aliona kwamba akikiapia kisima, watu wa brashi watakuja, hawatakuta kitu, na siku hiyo joto litakuwa uongo, na kuta za udongo zitakuwa uongo, na wajukuu wote aliowaandika watakuwa uongo uliotungwa na mwanamke wa La Noria kuokoa paa lake. Ilikuwa hofu ya mwandishi tu. Nyumba thelathini na mbili zilikuwa za watu wengine.

Ijumaa Ubaldo alirudi. Zenaida alimpokea mlangoni, asiingie ndani.

"Nilikitunga," alisema.

Mhandisi akangoja kidogo, kama anayempa nafasi.

"Una hakika?"

"Nina hakika. Mengine sikuyaona, lakini nadhani yatakuja. Kisima nilikitunga."

Ubaldo akaandika. Aliandika muda mrefu kuliko maneno yale yalivyohitaji, akashukuru, akaenda.

Nyuma yake Fidencio aliwasha compressor ingawa hakuwa na kazi ya upepo.

Kwa wiki saba hakusema naye neno. Kazi zilipohitaji maneno aliiambia cherehani: "Mwambie bosi wako mahameli nyekundu imekwisha." Cherehani haikujibu, Zenaida naye hakujibu, na mahameli ikaagizwa. Mzee wa tamale alikuja kuichukua sufuria yake. Bi Amparo hakumlaumu binti yake, ila siku moja, akimenya pilipili za kuchoma, alisema bila kuinua uso, "Mimi nilikuwa tayari kukikumbuka. Ningekikumbuka vizuri sana."

"Najua, mama."

"Mpaka kamba yake."

Majibu yalitoka mwezi wa kumi na moja, juzuu tatu, na kila aliyetoa maoni alipelekewa nakala. Temo aliyasoma kwa sauti Alhamisi hiyo, amesimama, kwa sauti ile ya kutangaza vituo.

"'Maoni 117, hoja ya pili. Ofisi haina taarifa kuhusu magari yasiyo na magurudumu, na haikuyaweka katika makadirio yake.' Hoja ya tano! 'Ofisi haipingi wala kuthibitisha kwamba wingu linaweza kuongozwa.' Haipingi, jamani! Hoja ya saba. 'Sauti ya Bi Amparo Urquidi. Viwango vya kelele katika eneo havitarajiwi kuzidi kiwango kinachoruhusiwa.'"

Bi Hortensia alicheka mpaka akashika meza. Hata Zenaida alicheka.

"Hoja ya tisa," Temo aliendelea, kisha sauti ikapungua. "'Kisima. Mwandishi amethibitisha kuwa ni ubunifu wake. Ofisi inazingatia kwamba mwandishi alisema hivyo kwa hiari, kinyume na maslahi yake, na kwa hiyo imezichukulia hoja zake nyingine kwa uzito unaostahili.'" Akafungua ukurasa. "'Hoja ya kumi. Joto la lami. Mwandishi anadai barabara pana itaongeza joto la usiku katika nyumba za jirani. Ofisi imepitia ripoti yake na kuona kwamba jambo hili halikupimwa. Ofisi haiwezi kulijibu. Sura ya sita itafanywa upya.'"

Temo akaiweka juzuu mezani.

"'Itafanywa upya' maana yake nini?" Bi Hortensia aliuliza.

"Maana yake hawabomoi mwaka huu," alisema Temo.

Hawakubomoa mwaka ule. Vijana wenye vipimajoto walikuja kiangazi chote, wakavifunga kwenye nguzo na kwenye uzio wa Bi Amparo, naye aliwapa maji baridi ya limau na kuwaambia kila siku kwamba vipimo vyao vilikuwa chini. Sura ya sita mpya ilipotoka, njia mbili kila upande zilikuwa zimekuwa moja, na mstari mwekundu ulikuwa umesinyaa. Nyumba kumi na nne zilibaki ndani yake. Nyumba ya Bi Amparo ilikuwa nje kwa mita kumi na moja. Karakana ya Fidencio ilikuwa ndani.

Watu walibishana sana kama kisima kingeokoa zaidi. Wapo waliosema kingewaokoa wote, na wapo waliosema watu wa brashi wangemaliza wiki moja na mashine zingeingia wiki ya pili. Zenaida hakushiriki mabishano hayo. Familia kumi na nne zilipofungasha, alikwenda kusaidia katika kila nyumba, na katika nyumba mbili hakufunguliwa mlango.

Siku ya kubomolewa karakana walikwenda wote watatu, Zenaida, Fidencio na mama yao. Tingatinga lilichukua dakika ishirini na tano. Fidencio alikuwa ameshatoa mashine zake na kupata mahali pengine, upande wa mashariki, palipokuwa na nafasi zaidi na wapita njia wachache. Vumbi lilipotulia, dereva wa tingatinga aliteremka, akapigapiga sakafu ya zege kwa buti, akachungulia kwenye ufa.

"Kuna nini?" Fidencio alimpazia sauti.

"Udongo," dereva alisema.

Fidencio akamgeukia dada yake. Ilikuwa mara ya kwanza kwa muda mrefu kumtazama usoni.

"Udongo," alimwambia.

"Nilikwambia."

"Hukuniambia mimi. Ulimwambia yeye." Akafikiri. "Twende tukale. Mama amechoka kusimama."

Ubaldo Terrazas alistaafu mwezi uliofuata. Alhamisi moja aliingia duka la mikate, akanunua mikate minne, akasimama karibu na mlango wa chumba cha nyuma mpaka Bi Hortensia alipomuuliza kama anangoja basi. Akasema alikuwa na karatasi moja, kama inaruhusiwa. Zenaida akampisha kwenye benchi. Fidencio naye alikuwapo siku hiyo, amekuja kumchukua mama yake. Alipomtambua mgeni alibaki wima pale mlangoni, funguo za gari mkononi, wala hakumsalimu.

Ubaldo alivaa miwani. Kwa miaka thelathini na mmoja, alisema, alikuwa ameandika miaka ijayo kwa tarakimu. Kisha akasoma, kwa sauti ya kusomea majedwali:

"'Mwaka 2080, saa kumi na mbili asubuhi, mtu mmoja anavuka barabara kwa miguu.'"

Wakangoja.

"Halafu?" Temo aliuliza.

"Nimeishia hapo."

"Siku ngapi umeandika?"

"Kumi na moja."

Bi Amparo alimtazama kwa huruma. Temo alijikuna shingo, akitafuta la kusema ambalo si ukatili. "Inanuka ofisi bado," alisema mwishowe. "Ila kidogo tu. Huyo mtu ni nani?"

"Sijui. Mtu."

"Mpe jina, bwana," Fidencio alisema kutoka mlangoni, na wote wakageuka. "Barabara umeifanya pana hivyo, halafu unampeleka mtu aivuke hana hata jina."

Ubaldo aliinama juu ya karatasi. Akaomba kalamu, kwa kuwa yake alikuwa ameirudisha kazini pamoja na vifaa vingine, na Zenaida akampa ya kwake.